Keki ya Shemeji Vyeti

Mume wa dada yangu anaitwa Vyeti. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na mtaa, naye akalipokea kwa furaha kama mtu aliyepandishwa cheo. Ukiingia sebuleni kwake utaelewa. Ukuta wote wa nyuma ya kochi, hadi karibu na dari, umejaa vyeti vilivyotiwa plastiki. Kuna cha huduma ya kwanza, cha uongozi, cha usuluhishi wa migogoro, cha ufugaji wa sungura, cha utunzaji wa sauti kwa waimbaji, na kingine ambacho hata mwenyewe hakumbuki ni cha nini, kwa sababu muhuri umekaa juu ya neno lenyewe.

Sungura hana. Kuimba haimbi. Siku jirani alipotokwa damu puani mbele yake, Vyeti alikaa chini, kisha akalala kabisa, na yule jirani ndiye aliyempepea kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ameziba pua. Na watu wakianza kugombana hapo nje, mwenye cheti cha usuluhishi ndiye wa kwanza kuingia ndani na kufunga dirisha.

Lakini si mtu mbaya. Nyumba yangu inapakana na yake tangu amuoe dada, na sijawahi kumwona akimpita mtu bila salamu. Anatunza ghala katika kiwanda cha magodoro. Mafundi wakimaliza godoro humletea, yeye hulikagua na kulipanga. Nilimkuta kazini siku moja nikashangaa, maana pale ghalani ni mtu mwingine, mkimya, hana maneno marefu. Anaweka kiganja katikati ya godoro, anabonyeza, anaachilia, anatazama. Likirudi juu polepole na kwa usawa, linapita. Likibaki na shimo kama limekaliwa na mgeni mnene, linarudishwa kwa mafundi. Kwa kazi hiyo hana cheti chochote, wala hakuwahi kufikiri kwamba ni elimu.

Vyeti vya ukutani alivipata kwenye simu. Siku hizi kuna kozi za kila kitu humo, nyingi ni za bure na baadhi ni nzuri sana. Zamani nilidhani anazikusanya kwa majivuno tu. Dada ndiye aliyenieleza kwamba mumewe alitolewa shule katikati baada ya baba yake kufariki, akakaa miaka mingi akisikia wenzake wakitaja vyeti vyao. Mimi mwenyewe niliishia shule ya msingi, kwa hiyo nilielewa, nikaacha kucheka. Yaani, nikaacha kucheka mbele yake.

Alikuwa na mbinu zake. Ya kwanza ni kuendesha video kwa kasi mara mbili, ili zimalizike upesi na bando lisimalizike kabla yake. Ya pili alinieleza kwa siri, kama mtu anayeonyesha mahali penye asali.

"Shemeji, ukifika kwenye maswali, chagua jibu refu."

"Hata kama si la kweli?"

"La kweli ndilo refu. Uongo ni mfupi, ukweli una masharti. Na ukikosa, unarudia mpaka upate. Hawachoki wale."

Cheti kikija, alikwenda kwa mama mmoja mwenye duka la kuchapa, pale kwenye kona. Mama huyo akimwona kwa mbali huwasha mashine kabla hajafika. Ndiye aliyemshawishi kwamba cheti cha uokaji wa keki, kwa kuwa kilisema "Daraja la Juu", kichapwe kwa ukubwa wa bango na kitiwe plastiki nene. Kikakaa katikati ya ukuta, vyeti vingine vikikizunguka kama watoto na mama yao.

Na hicho ndicho kilichomponza.

Binti yake wa pekee alichumbiwa. Siku wakwe walipokuja kupanga harusi, tulikaa sebuleni pale chini ya vyeti, mambo yakaenda vizuri mpaka likafika suala la keki. Shangazi wa bwana harusi ni muokaji kwa kazi. Ana duka lake, ana wasaidizi, na ana mikono ambayo ukiitazama tu unajua imekanda unga maisha yake yote. Akasema kwa upole, "Keki msihangaike nayo. Niachieni mimi."

Vyeti angenyamaza hapo, nisingekuwa na la kuandika.

"Hapana, mkwe," akasema, akasimama. "Keki ya binti yangu nitaoka mwenyewe." Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, kama mtu anayejua kilipo. "Nina cheti."

Wageni wote wakainua macho. Dada alikuwa anamimina chai. Akaendelea kumimina hata kikombe kilipojaa. Binti akanitazama mimi, mjomba wake, kana kwamba ningeweza kusema kitu. Mimi mbele ya wageni hata kuomba sukari siwezi.

Shangazi akakisoma kile cheti taratibu, mstari kwa mstari. "Basi vizuri sana," akasema. "Siku hiyo mimi nitaleta hamu yangu tu."

Wageni walipoondoka, tukabaki sisi. Binti akasema, "Baba, umewahi kuoka keki?"

"Kozi nzima nimemaliza."

"Nimeuliza kuoka."

"Ilikuwa na video kumi na mbili, mwanangu. Na maswali."

"Baba."

Vyeti akatazama ukuta, halafu akatazama viatu vyake. "Kuoka kwenyewe," akasema, "kuoka kwa maana ya kuoka, bado."

Dada akaketi. "Mtaka cha mvunguni huinama," akasema. "Wewe bwana unataka cha mvunguni huku umelala juu ya godoro."

* * *

Kesho yake Vyeti alikuja karakanani kwangu. Mimi natengeneza majiko ya mkaa kwa mabati na mapipa makuukuu. Akataka nimtengenezee oveni. Nikampa sanduku la bati lenye mlango, nafasi ya makaa chini na trei ya makaa juu. Si kitu cha kujivunia, lakini joto lake ni la haki.

Jumamosi tukakusanyika uani kwao. Vyeti alivaa aproni ya dada, akafunga kitambaa kichwani, akaegemeza simu kwenye ndoo. Kwenye simu alikuwapo mwalimu wake, mama mmoja mnene wa uso mzuri, anayefundisha kwa Kiswahili. Lakini alivyokuwa akiongea, maneno yalimtoka kama maharage yanayomwagika kwenye sinia. Mikono yake ilizunguka bakuli mpaka huoni vidole. Vyeti naye akazungusha. Alizungusha mayai mpaka mengine yakapanda ukutani. Alipotia unga akazungusha zaidi, meno yamekaza, jasho linadondoka, na dada akasogeza bakuli jasho lisije likawa kiungo.

"Polepole basi," dada akasema.

"Mwalimu anakwenda hivihivi! Humwoni?"

Na kweli, mwalimu alikuwa anakwenda hivyohivyo.

Keki ilitoka bapa, ya kahawia, na nzito kuliko vitu vyote alivyotia ndani yake. Dada akaigonga kwa kidole. Ikalia ko, ko. "Hodi," akasema. Akasubiri. "Hakuna mtu."

Kisu kiliingia nusu kikakataa kuendelea na kukataa kurudi. Hatimaye kikapatikana kipande, na wote wakanigeukia mimi. Nikikaribishwa siwezi kukataa, na nikiulizwa chakula kikoje nasema kitamu. Ndivyo nilivyo tangu utoto. Nikatia mdomoni.

"Ikoje, shemeji?" Vyeti akauliza, macho yamemtoka kwa matumaini.

"Tamu," nikasema, kwa shavu la upande mmoja.

"Umesikia!" akamwambia dada.

"Huyu?" dada akasema. "Huyu ukimpa kandambili na chai atakwambia tamu."

Binti alikwenda dukani akarudi. "Mjomba," akasema, "hicho ni kipande kilekile?"

Nikatikisa kichwa kuwa ndiyo. Kuongea nilikuwa bado siwezi.

Vyeti alisema kosa ni la oveni. Nikaifanyia marekebisho ambayo haikuyahitaji. Keki ya pili ikatoka kama ya kwanza, ila hii ilikuwa na majivu. Ya tatu ilipasuka katikati ikafanya bonde, na ndani yake kulikuwa na unga mbichi. Kuku wa jirani walikuja, wakatazama, wakashauriana, wakaondoka.

Siku ya keki ya tatu, binti alimngoja baba yake avue aproni, akaketi naye kwenye ngazi ya mlango wa jikoni. Mimi nilikuwa nazoa makaa karibu, nikawa nasikia.

"Baba, Jumamosi ijayo ndiyo ya mwisho. Keki isipokubali, nampigia simu shangazi mwenyewe."

"Utaniaibisha."

"Keki mbaya siiogopi. Mimi ningekula nikacheka." Akamshika mkono. "Ninachoogopa ni ukumbi mzima kukucheka wewe, na mimi nimekaa mbele pale na shela langu, siwezi hata kuinuka nikutetee."

Vyeti alikuwa anakwangua unga uliokauka kwenye kidole chake. Mtu huyu kila siku ana neno refu la kusema, na siku hiyo hakuwa hata na fupi.

Binti akachukua simu. "Hebu nimwone huyo mwalimu wako." Akabonyeza. Maharage yakaanza kumwagika. Binti akakunja uso. "Baba, huyu mama anakimbizwa na nani?"

"Ndivyo anavyoongea. Walimu wa mtandaoni wote wana haraka. Wana wanafunzi wengi."

Binti akatazama pembeni ya kioo, akaona ile kasi mara mbili ambayo baba yake aliiweka zamani akaisahau, naye akairudisha kwenye mwendo wa kawaida.

Mama wa kwenye simu akapumua. Kwa mara ya kwanza tukamsikia akipumua. Halafu akasema, taratibu, kwa sauti nene ya upole, kama mama mkubwa anayekueleza jambo huku anachambua mboga, "Sasa mwanangu, hapa ndipo wengi wanapoharibu."

Vyeti akaruka. "Amekuwaje? Anaumwa?"

"Haumwi, baba. Ndiyo sauti yake."

Nilisogea karibu na sepetu yangu ya makaa. Mama alikuwa ameshatia unga juu ya mayai yaliyoumuka. Akashika mwiko. Hakupiga, wala hakuzungusha kwa nguvu. Aliupitisha mwiko chini, akauleta juu, akaukunjia ule unga ndani, polepole, kama mtu anayemfunika shuka mtoto aliyelala na hataki kumwamsha. "Ukipiga hapa," akasema, "unatoa pumzi yote uliyoitia, na keki yako itakuwa tofali."

Dada alikuwa ametokea mlangoni. "Kumbe hata jina lake analijua," akasema. "Tofali."

"Sasa," mama wa kwenye simu akaendelea, "usinitazame tena mimi. Simamisha video hapa. Nenda ukafanye. Ukimaliza, ndipo urudi."

Akanyamaza, akatabasamu, akangoja. Alingoja kweli.

Vyeti alikaa akimtazama. Baadaye akasema kwa sauti ndogo, "Alikuwa anasema hivyo siku zote?"

Binti akasogeza video mbele na nyuma. "Kila mwisho wa kipande, baba."

"Mimi nilikuwa nasikia *prrr*."

* * *

Tangu siku hiyo Vyeti alirudi somo la kwanza, na alirudi kwa adabu ya mtu aliyefumaniwa. Somo la kwanza ni la mayai tu: namna ya kuyajua, kuyavunja, na kwa nini yasiwe ya baridi. Mwalimu akisema "simamisha", anasimamisha. Akisema "kanawe mikono", anaondoka kweli kwenda kunawa, na akirudi anasema "nimerudi, mwalimu", kisha anabonyeza. Kazini kwake alipopewa mapumziko ya mchana alikuwa akirudia kichwani. Mwenzake wa ghalani alimkuta anakoroga hewa.

Nyumba nzima ilikula mayai. Walikula mayai asubuhi, wakala mayai jioni. Nilipopita kuwasalimu nilipewa mayai, na sikukataa. Dada akaniambia, "Kaka, mume wangu nimempoteza. Ana mwanamke kwenye simu, na huyo akimwambia simama anasimama. Mimi nimesema simama miaka yote hii."

Somo la pili ni kupiga mayai na sukari mpaka yaumuke. Mwalimu alisema ukiinua waya wa kupigia, rojo lishuke kama utepe na utepe uonekane juu kidogo kabla haujazama. Vyeti alipiga, akainua, ukazama. Akapiga, akainua, ukazama. Aliposikia mkono umekufa akabadilisha. Utepe ulipokaa juu mara ya kwanza alituita sote tuje kuutazama, na tulipofika ulikuwa umeshazama, ikabidi apige tena ili tusimwone mwongo. Somo la tatu ni lile la kukunjia unga. Alilifanya kwa mchanga kwanza, kwenye karai, nje. Jirani wa pua, yule, alipita akamwona mtu mzima anakunjia mchanga polepole huku anautazama kwa huruma. Akaniuliza kama shemeji yangu mzima. Nikamwambia anasoma.

Ikafika Jumamosi ya mwisho. Binti alikuja na simu mkononi, namba ya shangazi ameshaitafuta; nilimwona. Vyeti alikuwa amekwisha kuingiza keki kwenye oveni, na alikuwa ameketi mbele yake kwenye kigoda na saa ya mkononi.

"Dakika ngapi?" binti akauliza.

"Hilo liko somo la nne. Bado sijalifungua. Nilisema nisiende mbele kabla keki haijaingia."

"Baba! Na ikiungua?"

"Basi tulifungue."

Akafungua. Mama wa kwenye simu alikuwa amesimama kando ya oveni yake. "Wengi wataniuliza, dakika ngapi," akasema. "Sijui, mwanangu. Moto wako siujui. Weka saa yako pembeni. Fungua taratibu, weka kidole katikati ya keki, bonyeza kidogo, achilia, utazame. Ikibaki na shimo, bado. Ikirudi juu yenyewe, polepole na kwa usawa, imeiva."

Vyeti hakusubiri aambiwe asimamishe. Aliibonyeza simu kwa nguvu mpaka ikaanguka.

"Godoro!" akapiga kelele. "Shemeji! Ni godoro!"

Sikuelewa. Dada alitoka mbio akidhani kuna godoro linawaka. Vyeti alikuwa ameshafungua mlango wa oveni. Uso wake ulibadilika, ukawa ule niliouona ghalani, mkimya, usio na wasiwasi. Akanyoosha mkono. Na kwa kuwa mkono una mazoea yake, hakupeleka kidole. Alipeleka kiganja chote.

"Kidole, baba! Kidole!"

Alikuwa ameshabonyeza. Akatoa mkono akiupuliza kwa kuungua, na sote tukainama kutazama. Pale katikati kulikuwa na alama ya kiganja, vidole vyote vitano. Kisha ikaanza kurudi. Ilirudi polepole na kwa usawa, vidole vikafutika kimoja kimoja, mpaka kikabaki kivuli cha dole gumba tu.

"Inapita," Vyeti akasema, kama anavyosema kazini.

Ilipopoa wakakata. Kisu kilishuka chenyewe. Kikanijia kipande changu kwenye sahani, na wote wakanitazama kwa mazoea ya kunitazama, ingawa kila mmoja alijua nitasema nini. Nikala. Sikukumbuka kusema tamu. Nilitazama sahani, nikaona imebaki tupu, nikasikia mtu anasema, "Naomba nyingine."

Alikuwa ni mimi.

Dada aliweka mkono kifuani. "Kaka ameomba," akasema. "Tangu tuzaliwe sijamsikia akiomba."

Binti alirudisha simu mfukoni. Halafu akamkumbatia baba yake hivyohivyo na aproni na unga, na Vyeti akainua mikono pembeni asimchafue.

* * *

Zilikuwa zimebaki siku chache kabla ya harusi. Dada alitaka ghorofa. Alisema wakwe wamezoea keki zenye ghorofa na nguzo na maua, na ikienda keki bapa watadhani imekaliwa njiani.

"Ghorofa ni somo la tisa," Vyeti akasema. "Sijafika."

"Si unaruka tu?"

"Siruki tena."

Binti akasema bapa inatosha. Basi Vyeti akaoka keki za mraba, moja moja, kila moja akiibonyeza kwa kidole. Asubuhi ya harusi akazipanga moja kando ya nyingine mpaka ikawa keki moja kubwa, na nakwambia, kupanga anajua. Hukuona zilipokutana. Akapaka krimu nyembamba juu yake, akasimama nyuma kuangalia kama zimenyooka na mlango.

Tatizo lilikuwa la kubebea. Seremala alileta ubao siku hiyohiyo, na rangi yake ilikuwa bado inashika kidole. Dada alizunguka nyumba nzima akitafuta kitu cha kutandika juu yake, kitu kipana, kisafi, kisicholowa. Akasimama sebuleni. Akanyoosha mkono kwenye ukuta.

"Cha sungura hapana," Vyeti akasema upesi. "Watu watadhani kuna nyama."

"Basi kipi? Gari liko nje!"

Vyeti akatazama ukuta wake. Akapanda kwenye kochi, akakishusha kile kikubwa cha katikati, akakifuta vumbi kwa mkono wa shati. "Hiki," akasema. "Kigeuze maandishi yaangalie chini."

Dada kwa haraka zake akakiweka kilivyomjia mkononi.

Ukumbini keki iliwekwa kwenye meza ya peke yake. Watu walipita, wakaitazama, wakatafuta ghorofa, wakaendelea. Vyeti alisimama kando na suti yake, mikono nyuma, kama mtu anayengoja hukumu. Binti alikuwa mbele kwenye kiti chake. Shela lilikuwa usoni, lakini mimi nilijua anatazama wapi.

Shangazi akaja. Hakuangalia juu ya keki. Aliinama, akaweka kidole kimoja pembeni mahali pasipoonekana, akabonyeza, akaachilia. Akatazama. Akabonyeza tena. Kisha akamgeukia Vyeti.

"Unga umeukunja wewe mwenyewe?"

"Mimi, mkwe."

"Kwa mkono?"

"Kwa mwiko. Polepole."

"Mm," shangazi akasema. Lakini keki ilipokatwa, alikuja na sahani, akarudi nayo, na akaja tena. Akasema kwa sauti ya kusikiwa na meza tatu, "Nilisema nitaleta hamu tu. Ningejua ningeleta na chombo cha kubebea."

Kule mbele, shela lilianza kutikisika. Binti alikuwa anacheka peke yake.

Watu walikuwa wanaendelea kukata, na keki ikawa inapungua kutoka pembeni kwenda katikati. Shangazi alikuwa anazoa makombo kwa kisu aliposimama. Chini ya makombo kulikuwa na herufi. Akasogeza kombo moja, likatokea "Daraja". Akasogeza jingine, likatokea "la Juu". Akafuta kwa kitambaa, na chote kikatokea: jina la Vyeti, muhuri na kila kitu.

Vyeti akamtupia dada jicho. Dada akatazama dari.

"Kumbe kile cheti ni hiki," shangazi akasema. "Basi ulikuwa husemi uongo siku ile."

Hapo ndipo nilipomwona shemeji yangu. Neno hili alikuwa amelingoja maisha yake yote, lisemwe mbele ya watu, na mtu anayejua kazi. Alikuwa na suti, alikuwa na muhuri mezani, na alikuwa na jibu refu. Nilimwona akilivutia pumzi.

"Hiki, mkwe," akasema, "nilikipata kabla sijajua kuoka."

Shangazi alicheka mpaka akaweka kisu chini. Aliyekuwa karibu akauliza kimesemwa nini, akaambiwa, naye akacheka akamwambia wa pili, na kicheko kikazunguka ukumbi. Nilimtazama binti kwa hofu. Lakini hiki hakikuwa kile kicheko alichokiogopa. Baba yake alikuwa ndani ya kicheko hicho, amekaa katikati kabisa, na ndiye aliyekuwa anacheka kwa nguvu kuliko wote.

"Njoo dukani kwangu nikuonyeshe ghorofa," shangazi akasema akijifuta macho.

"Nitakuja. Hilo ni somo la tisa. Mimi niko la nne."

Cheti kilioshwa, na hakikurudi ukutani. Dada anakandia unga juu yake, na anakisifu kwamba hakishiki. Pale kilipokuwa pamebaki pengo jeupe, na Vyeti hajalijaza. Yule mama wa duka la kuchapa ameniuliza mara mbili kama shemeji yangu amehama.

Hajahama. Ameanza upya ile kozi ya huduma ya kwanza, kuanzia somo la kwanza, kwa mwendo wa kawaida. Jana alikuja kwangu na simu na furushi la bandeji, akasema anahitaji mtu wa kujifunzia. Sikuweza kukataa. Ndiyo maana naandika haya kwa mkono mmoja. Ule mwingine umefungwa kuanzia bega hadi vidole na kuning'inizwa shingoni, ingawa hauumwi popote. Kufungua ni somo linalofuata. Mwalimu amesema tusimamishe video hapa, na shemeji amekwenda kazini.